Kijani kwenye Kiti cha Sita

Kama asubuhi ile ningebonyeza jina lolote jingine, pengine nisingekuwa na la kusimulia. Nilibonyeza lile kwa sababu nilikuwa na hakika nalo. Mwenye jina alikuwa kijijini kwao, Idete, amefiwa na mama yake siku tatu kabla, na mimi nilikuwa natafuta mfano wa akaunti iliyolala ili nimwonyeshe bosi wetu wa Dar es Salaam jinsi rangi ya kijivu inavyoonekana.

Kikatokea kijani.

Ofisi yetu iko Ifakara, chumba kimoja kikubwa chenye viti kumi na viwili, na kijichumba changu pembeni. Tunaingiza kwenye kompyuta fomu za afya zinazokusanywa nyumba kwa nyumba: nani analala ndani ya chandarua, mtoto gani alishikwa na homa, maji yanatoka wapi. Mezani kuna skrini, kibodi na kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani. Kompyuta yenyewe, pamoja na kila kilichomo, iko kwenye seva Dar es Salaam. Mtu akiandika neno Ifakara, neno linaandikwa kule, sisi huku tunaona picha yake tu. Kazi yangu ni kuhakikisha picha hizo zinafika na hazichelewi.

Kwa miaka miwili nilizichunga kwa programu ya zamani iliyojua mambo mawili, kuwaka na kuzima. Mtu akija kulalamika kwamba mashine yake nzito, nilikuwa na jibu moja: mtandao. Nilikuwa nalitoa kwa ukali ili asiniulize la pili, maana sikuwa najua chochote. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonipandisha kama kuulizwa nisichokijua.

Ndiyo maana toleo jipya la programu lilipofika nilikaa nalo siku mbili nzima kama mtu aliyenunua baiskeli mpya. Lilikuwa linakata muda wa mtu kuingia kwenye kompyuta yake vipande vipande, likakuonyesha kipande gani kimekwama. Lilikuwa linapima muda kati ya kidole kugusa kibodi na herufi kutokea. Lilichora ramani ya viti, kila akaunti na rangi yake: kijani kwa anayefanya kazi, njano kwa aliyekwama, kijivu kwa akaunti iliyolala. Lilisoma kumbukumbu zote za seva kurudi nyuma hadi siku ya kwanza, likazichora kana kwamba lilikuwepo tangu mwanzo. Na kulikuwa na kipengele kimoja ambacho bosi alikipenda kabla hata sijamaliza kukieleza: kila ukurasa wa kumbukumbu ulioguswa, programu iliandika nani ameufungua na saa ngapi. Yaani hata anayechungulia alichunguliwa.

Basi siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, niliwasha kamera nikaanza kumtembeza bosi kwenye ramani hiyo. Nilikuwa nimevaa gauni langu zuri. Nilijisikia, niseme tu.

"Na hapa mkuu utaona akaunti ya mtu aliye likizo," nikasema, nikabonyeza jina la mama wa kiti cha sita.

Kijani. Namba ndogo chini yake ilikuwa inapanda, herufi zikiandikwa palepale tunapoangalia.

"Huyu si uliniambia yuko msibani?" bosi akauliza.

"Ndiyo, mkuu."

"Huko msibani wana mtandao mzuri namna hiyo?"

Akasogeza uso kwenye kamera, akasoma kwa sauti mstari ambao mimi mwenyewe nilimfundisha dakika kumi kabla mahali pa kuutafuta. "Imefunguliwa kutoka kiti cha nne." Kisha akaegemea nyuma kwenye kiti chake, na bosi wetu akiegemea hivyo huwa ameshaamua jambo.

Sheria ilikuwa moja na wote tuliisaini: anayempa mwenzake neno la siri anaondoka siku hiyohiyo. Mikataba ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na bosi alikuwa na orodha ya watakaosainishwa upya. Mama wa kiti cha sita alikuwa kwenye orodha hiyo. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti muda mrefu kuliko sisi wote, na kwa kiti hicho alikuwa anamsomesha binti yake wa mwisho chuo cha uuguzi.

"Nataka maelezo kwa maandishi Ijumaa kabla ya saa sita mchana," bosi akasema. "Nani alikuwa anaandika, alipataje neno la siri, na tangu lini. Umefanya kazi nzuri sana, dada. Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka."

Nilitoka kwenye kijichumba changu mlango ukigonga ukuta. Kaka wa kiti cha nne ni mtu mkubwa wa mwili, familia yake ilikuja bondeni na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa akiwa bado mdogo, na huongea taratibu hata nyumba ikiungua. Kwenye skrini yake kulikuwa na madirisha mawili, moja la kwake, moja la mama. Hakujaribu hata kulificha.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nashika kiti, dada."

"Kiti gani? Unajua bosi amekuona? Sasa hivi, kwa macho yake, kutoka Dar es Salaam?"

Chumba kizima kikaacha kuandika. Nikaendelea, sauti inapanda. Nikamwambia kila fomu inaingizwa mara mbili na watu wawili tofauti ili seva ilinganishe na kukamata makosa. Sasa yeye akiingiza mara ya kwanza kwa jina lake, na mara ya pili kwa jina la mama, makosa yake nani atayaona? Mtoto aliyekuwa na homa akaandikwa hana, mara zote mbili, na mtu yuleyule! Nilisema na mengine ambayo hayakuwa na uhusiano na fomu.

Alinisubiri nimalize. "Hizo hatuzigusi, dada."

"Hamzigusi akina nani?"

"Sisi. Ukishika kiti cha mwenzako, fomu uliyoianza wewe unampa mwingine aimalize, aiingize ile mara ya pili. Ndivyo tulivyofundishwa." Akaweka mikono yake miwili mapajani. "Mzee wako alipofariki pale Katindiuka, wewe ulidhani fomu zako zilijijaza?"

Nilirudi kwenye kijichumba changu nikafunga mlango polepole.

Sasa nalazimika kusema nililokuwa silisemi. Baba yangu alipofariki nilikuwa mwingizaji kama wao, kiti cha tisa. Nilipigiwa simu mchana, nikanyanyuka nikaondoka, na neno langu la siri lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi kama la kila mtu. Nilikaa msibani siku nane. Niliporudi sikukuta rundo mezani. Nilijiambia msimamizi amezigawa. Mwezi uliofuata, kwenye kikao, alisimama mgeni kutoka Dar es Salaam akasema kuna mfanyakazi hapa ambaye hata msiba haukumshusha, akanitaja, watu wakapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa kwa adabu nikayapokea makofi yale. Baada ya hapo ndipo nilipopewa kazi ya mifumo.

Nilijua kwamba kuna kitu. Mtu aliyekulia Katindiuka hawezi kusema hajui. Kwetu ukifiwa wakati wa palizi, ukirudi shambani unakuta mpunga wako umepaliliwa. Huambiwi na nani, na huulizi, kwa sababu ukishajua utaanza kulipa, na mfiwa hawekewi deni. Wale wa chumbani walikuwa wameichukua desturi ya shamba wakaileta kwenye seva. Wala haikuwapitia akilini kwamba seva inaweza kuisema.

Alhamisi mchana nilipanda bodaboda kwenda Idete. Nilikuwa na maswali matatu ya bosi mfukoni, nimeyaandika kabisa kwenye karatasi, na sukari kilo tano mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, tukateremka mara mbili kusukuma pikipiki kwenye tope. Nilimfokea dereva bure. Akanijibu, "Dada, tope silileti mimi," na alikuwa na haki.

Mama wa kiti cha sita alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, kanga imemfunika hadi kwenye paji la uso. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Asante. Umekuja na tope lote hili?"

Nikasema ndiyo. Nikakaa. Wakaniletea chai, nikainywa ikiwa ya moto mno ili nisizungumze. Karatasi ya maswali ilikuwa inanichoma kuliko ile chai. Unamwulizaje mtu mbele ya mkeka wa mama yake, neno lako la siri ulimpa nani? Nikasema moyoni, akinyanyuka nitamfuata nimwulize pembeni. Akanyanyuka, nikamfuata hadi kwenye mapipa ya maji nyuma ya nyumba, tukabaki wawili.

Akanitangulia yeye. "Kiti changu kiko salama?"

Niliinama nikamshikia ndoo.

"Mwambie kaka yako asisahau lile la fomu," akasema, akichota maji. "Alizoanza yeye asimalizie. Watu huwa wanachoka wanasahau, halafu takwimu zinaharibika. Mtu wa Dar akisoma kwamba watoto wa ng'ambo ya mto hawana homa, dawa hazitakuja." Akaniangalia. "Na mikataba ni mwisho wa mwezi, si ndiyo? Nitakuwa nimerudi. Binti ana ada ya muhula wa mwisho."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Ni hayo tu. Nilirudi Ifakara na karatasi yangu mfukoni kama nilivyoondoka nayo. Niliogopa njia nzima. Nilimwogopa bosi, niliogopa Ijumaa, na zaidi ya vyote niliogopa kwamba kaka wa kiti cha nne alikuwa amesahau.

Ijumaa niliingia ofisini saa moja. Niliweka fomu za siku zile zote mezani, nikafungua kumbukumbu, nikaanza kulinganisha moja baada ya moja: nani aliianza, nani aliimaliza, kutoka kiti gani. Programu ya zamani isingeweza hilo hata kwa kuombwa. Hii ilinipa kila kitu: saa, dakika, kiti.

Sitaficha, kuna sehemu yangu iliyokuwa inatafuta kosa. Ningekuta fomu moja tu iliyoingizwa mara mbili na mkono uleule, ningeandika maelezo mepesi: kuna udanganyifu, takwimu zimeathirika, mhusika ni huyu. Bosi angenishukuru. Ningelala. Nilipekua mpaka mgongo ukauma, saa mbili, saa tatu, na kila nilipodhani nimelikamata niliikuta karatasi imehamishwa kwa mwingine: kaka ameanza, akampa wa kiti cha kumi aimalize kwa akaunti ya mama. Hata moja hawakukosea. Kaka mwenyewe aliingiza zile tu alizoanza mwingine. Watu ambao sheria iliwaita wavunjaji walikuwa wanailinda kazi kuliko mimi na ramani yangu ya rangi.

Saa nne ilikuwa imepita. Nilibaki nimeshika kipanya, na kabla sijaamua vizuri nilikuwa nimeandika tarehe za msiba wa baba.

Kijani. Siku nane za kijani, chini ya jina langu, wakati mimi nilikuwa Katindiuka nimenyolewa nywele. Siku ya mazishi yenyewe kulikuwa na kijani tangu asubuhi hadi jioni, bila hata nafasi ya kula. Na chini, mstari uleule: imefunguliwa kutoka kiti cha sita.

Niliufunga ukurasa upesi kama mtu aliyesukuma mlango akakuta mwenziwe anaoga. Nililia, nikiwa na hasira na kile kilio kwa sababu muda ulikuwa unakwenda. Yule mama alijaza fomu zangu na zake, siku nane, akanyamaza miaka miwili. Alinisikia nikipigiwa makofi. Mara ngapi nilimjibu "mtandao, mama" bila hata kugeuza shingo.

Niliandika kurasa tatu. Wa kwanza nilisema ukweli: akaunti ya kiti cha sita ilitumika wakati mwenyewe yuko msibani, kaka wa kiti cha nne na wenzake waliitumia kwa hiari, neno la siri liko chini ya kibodi ambapo maneno yote ya siri ya chumba kile yako. Wa pili niliweka ushahidi wa fomu, viti kwa viti. Wa tatu niliweka picha moja: akaunti nyingine, siku nane za kijani, na cheti cha kifo chenye tarehe zinazolingana. Kwenye picha hiyo niliukata mstari wa chini. Nikatuma saa tano na nusu.

Saa sita kasoro dakika kumi simu ikalia.

"Nimesoma," bosi akasema. "Huu ukurasa wa tatu ni wa nani?"

"Ni mimi, mkuu."

Nilisikia kiti chake kikilia kule.

"Wewe ndiye tuliyekusifu."

"Ndiyo. Nikapokea sifa. Ukimwondoa mama wa kiti cha sita kwa kosa hili, mimi ndiye wa kwanza kuondoka, maana yeye halijampa cheo, mimi limenipa."

"Hivi unajua unaongea na nani?"

"Najua, mkuu." Nikahamisha simu sikio la pili.

"Na wewe nani alikuwa anaandika kwa jina lako?"

Hili ndilo swali nililokuwa nimelikata kwa mkasi wa kwenye skrini, na nilijua litakuja. Nikimtaja, mama ana makosa mawili, na la pili alilifanya mwenyewe, kwa mikono yake.

"Kwetu mfiwa haulizi nani alimpalilia," nikasema.

"Mimi si mfiwa. Naweza kufungua programu nikaangalia mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Unaweza, mkuu."

Akakata simu.

Zilikuwa siku kumi na moja hadi mwisho wa mwezi, na sikumbuki nilikula nini katika siku hizo. Mama alirudi Jumatatu, nikamwamkia, akaitikia, akafuta vumbi kwenye skrini yake akaanza kazi. Kila alipokohoa nilidhani ameitwa Dar es Salaam. Kaka wa kiti cha nne alikuwa ananipita bila neno, nami nilistahili. Siku ya mwisho bahasha zikaja zote kwa pamoja, kumi na tatu pamoja na yangu. Mikataba yote imo. Kila bahasha ilikuwa na barua ya onyo, na utaratibu mpya: anayefiwa, akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo, fomu zake wanagawana wenzake kwa majina yao wenyewe, na mwezi ule haulizwi idadi ya fomu. Bosi aliongeza kwa kalamu chini ya barua yangu: *nikifukuza mmoja, nifukuze chumba kizima.* Mama wa kiti cha sita alisaini, akaikunja barua yake ya onyo mara nne, akaitia kwenye pochi bila kuuliza chochote.

Sijamwambia kwamba najua. Nikipita mezani kwake siku hizi nasimama, na akisema mashine nzito navuta kiti, naangalia, namwambia kipande gani kimekwama.

Ila kuna kitu nilikuwa nakifanya kila asubuhi mwezi ule, kabla watu hawajafika. Nilifungua orodha ya waliochungulia kumbukumbu, nikatafuta zile tarehe za Katindiuka, nione kama bosi ameangalia. Alikuwa na uwezo, na alikuwa amesema wazi kwamba anaweza. Hakuangalia. Hadi leo orodha ya ukurasa ule ina mstari mmoja, Ijumaa, saa nne na dakika kumi na tatu. Katika watu wote waliokuwa na haki au sababu ya kuuliza nani alishika kiti kile, aliyeuliza ni mmoja tu, na jina lililoandikwa pale ni langu.